Baharini Kuna Upepo, Mama

Mashine imewaka. Naanza na hilo kwa makusudi, kwa sababu mtakayoyasikia kwa watu wa Gando kuanzia sasa hayatakuwa na sentensi hiyo. Imewaka, imenguruma, na imetema maji pembeni kama mashine nzima inavyotakiwa. Yaliyofuata ni aibu yangu mwenyewe, na nimeona bora niisimulie mimi kabla Hamadi hajaisimulia yeye.

Hamadi ni mtoto wa ami yangu. Ndiye aliyesema, mbele ya watu, kwamba mashine ya boti iliyolala miaka sita haiamshwi, inazikwa. Na hakuwa peke yake. Nilipoondoka kwenda Tanga walisema nitarudi na begi la nguo tu. Nimerudi na diploma. Wakasema diploma hailiwi. Wakasema boti yangu imeshakuwa nyumba ya kuku. (Hilo lilikuwa kweli. Nimewahamisha.) Wakasema hata nikiiwasha mashine, Mzee Faki hatanipa binti yake.

Hapo kwa Mzee Faki ndipo penye jambo lenyewe. Nimeposa kwake. Salma. Mzee hakukataa wala hakukubali. Alinikalisha barazani akanitazama kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Weye ni mtu wa kwenda," akasema. "Ulikwenda Tanga, kesho utakwenda kwengine. Mie sitaki binti yangu akae anasubiri simu."

Nikamwambia nimerudi kukaa. Nitavusha watu na mizigo kwenda Fundo, kisiwa hicho hapo mbele yetu.

"Kwa chombo gani?"

"Kwa boti yangu, mzee."

"Ile inayolaza kuku?"

"Hiyo hiyo."

Akafikiri. "Haya. Siku ikiwaka, nichukue nende Fundo kwa dada yangu, kisha unirudishe. Nikirudi mzima, tutasema."

Siku yenyewe ilikuwa leo.

Kwa wasionijua vizuri: mimi nilianza Tanga kwa kubeba magunia ghalani na nikamaliza kwa kuyahesabu. Mchana kazi, jioni darasani, hakuna aliyenishika mkono. Diploma yangu ni ya ununuzi na ugavi. Kwa lugha nyepesi, nimesomea kujua kila kitu kiko wapi. (Ikumbukeni sentensi hiyo. Tutairudia kwa majonzi.)

Si diploma ya mitambo, najua. Lakini mtu aliyesoma ni mtu aliyesoma. Nikachukua kitabu cha mashine, nikatazama video mbili tatu, nikaanza. Ndani ya tangi petroli ya zamani ilikuwa imegeuka asali, na inanuka kama rangi ya mlango. Nikaimwaga. Kabureta nikaifungua yote, nikakuta matundu yamezibwa na kitu cha njano kama ute wa yai uliokauka. Nikayazibua moja moja kwa waya. Plagi mpya. Oili mpya ya gia. Kile kidude cha mpira kinachovuta maji ya kupoza mashine kilikuwa kigumu kama kokwa, nikakibadilisha. Kila nilichokifungua nilikiweka kwenye kikopo chake, kwa mpangilio, na kikaratasi juu. Hamadi alikuja akatazama vile vikopo akauliza kama nafungua duka la viungo.

Vifaa, nakiri, niliazima. Spana zilikuwa za huyo huyo Hamadi. Pipa la maji lilikuwa la Bi Asha, jirani yetu. Jaketi za kuokolea zilikuwa za Makame, mvuvi. (Mimi ni mtu niliyejitengeneza mwenyewe, ila kwa spana za watu.)

Jana nikaijaribu mashine uani kwetu, nimeifunga kwenye gogo, mguu wake umezama ndani ya pipa la Bi Asha. Kitabu kinasema ukijaribu kwenye pipa, uvue kwanza propela, yale mapanga matatu ya nyuma yanayosukuma maji, la sivyo utalirusha pipa zima. Nikaivua kama kitabu kilivyosema. Na kwa kuwa siku hizi wapo watu wanaopita kununua vyuma chakavu na mikono yao ni miepesi, sikuiacha uani. Nikaifunga kitambaa pamoja na nati yake na pini yake, nikaandika kikaratasi, nikaipeleka ndani mahali pa salama. Kisha nikavuta kamba. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, ikakohoa. Mara ya tatu ikanguruma mpaka kuku wakaukimbia mtaa.

Bi Asha alichungulia ukutani. "Haya, mashine imefufuka. Na pipa langu je?"

"Lipo, Bi Asha. Kesho utalipata."

"Na ile oili iliyomo?"

Nikajifanya sisikii, kwa ajili ya mngurumo.

Sasa, kabla sijafika kwenye leo, lazima niseme habari ya zawadi ya mama. Nilipokuja kutoka Tanga nilimletea pangaboi. La darini, jeupe, mapanga matatu, na taa katikati. Bado lipo ndani ya boksi nyuma ya mlango, kwa sababu nilisema nitalifunga mwenyewe, na kwanza ikaja kazi ya boti, na kila siku mama ananikumbusha. Anakumbusha asubuhi na anakumbusha usiku. Imefika mahali nikisikia neno "pangaboi" nimeshajibu "kesho".

Leo asubuhi nimevaa shati jeupe. (Kwenda baharini na mashine ya mafuta. Msiniulize.) Niko mlangoni, tangi mkononi, akili yote iko kwa Mzee Faki. Mama akaniita kutoka ndani.

"Mwanangu, na pangaboi je?"

"Nikirudi, mama."

"Ukirudi?"

"Nikirudi Fundo, inshallah. Jioni."

"Kwani wenda Fundo bila ya pangaboi?"

Nikacheka. Nilicheka kwa upendo, kama anavyocheka mtu aliyesoma akimwelekeza mzazi wake. "Mama," nikamwambia, "baharini kuna upepo. Pangaboi la nini?"

Mama akatoka akanitazama. Akaitazama miguu yangu, akanitazama usoni, kama mtu aliyesikia habari mpya na hataki kuonekana mshamba. Kisha akasema, "Haya. Weye ndiye uliyesoma."

Nikaondoka nimejaa fahari.

Pwani nilikuta watu. Niliwaalika mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha. Jana nilipita barazani kote nikitangaza kwamba maji yakijaa leo, mashine iliyozikwa na Hamadi itapanda kutoka kaburini. Basi walikuja. Akina mama walikaa upande wa kivulini, na mama yangu akaja akakaa nao, na Salma alikuwepo, amesimama nyuma ya shangazi yake, anajifanya kaja kutafuta kuku.

Mzee Faki alifika na kanzu yake, bakora yake, na kapu la maembe la kumpelekea dada yake. Nikamvisha jaketi ya Makame juu ya kanzu. Akajitazama. "Nimekuwa mtungi," akasema. Akapanda, akakaa mbele kabisa, mgongo kwangu, akafumba macho akaanza dua ya safari.

Mashine tuliibeba mimi na Hamadi. Nilikuwa nimeuvisha mguu wake gunia na kuufunga kamba, usikwaruzike njiani. Hivyo ndivyo bidhaa zinavyosafirishwa. Hamadi akauliza, "Hili nalo ni la diploma?" Nikamwambia ndiyo. Tukaingia majini mpaka kiunoni, tukaifunga nyuma ya boti. Na hapa, jamani, ndipo nilipokosea. Nililivua lile gunia huku nawatazama watu. Mkono uko chini ya maji unafungua kamba, uso uko pwani unatoa hotuba.

"Mtu akisoma," nilisema kwa sauti, "hata chuma kinamsikiliza."

Nikapanda. Nikavuta kamba mara moja tu. Mara moja. Ikawaka.

Pwani ikashangilia. Kuna mama mmoja alipiga kigelegele. Nikamtazama Hamadi pale majini, anajifuta maji usoni. Nawaambia kweli, kama dunia ingesimama pale, ningekuwa mtu mwenye furaha kuliko wote kisiwani.

Nikatia gia. Nikaongeza moto. Mashine ikanguruma, mapovu yakatoka nyuma, moshi ukapanda. Nikakaa sawa, nikashika usukani kwa mkono mmoja, nikapunga mkono wa pili. Watu wakanipungia. Nikaendelea kupunga. Wakaendelea kunipungia. Ikafika mahali tumepungiana muda mrefu kuliko kawaida ya watu wanaoachana.

Mzee Faki, macho bado kafumba, akauliza, "Tumeshatoka?"

"Inapasha, mzee."

"Haya."

Nikaongeza moto. Sauti ikawa ya kutisha. Boti ikatetemeka, na maembe yakaanza kucheza ndani ya kapu. Hamadi alikuwa amesimama pale pale, kiunoni majini, na mimi nilikuwa pale pale pembeni yake. Tukatazamana.

"Umeng'oa nanga?" akauliza.

Nanga ilikuwa ndani ya boti, karibu na mguu wangu. Nikamwonyesha.

"Umetia gia?"

"Hamadi, nimesoma."

"Sijauliza hivyo."

Nikatia gia ya nyuma. Hakuna. Nikarudisha ya mbele. Hakuna. Kisha boti ikaanza kwenda, na moyo wangu ukaruka, mpaka nilipoona inakwenda ubavu. Ulikuwa mkondo wa maji. Unatuchukua taratibu kuelekea kwenye mikoko, mashine inanguruma kwa nguvu zake zote, na mimi bado mkono mmoja uko juu.

Mzee Faki akafumbua macho. Akautazama mkoko uliokuwa unakuja ubavuni kwake. "Mbona Fundo imeota mikoko mingi hivi?"

"Zima," akasema Hamadi. Nikazima. Akaja anaburuta miguu majini, akaishika boti kwa mkono mmoja, akainama, akapeleka mkono wa pili chini ya mashine. Akapapasa. Akapapasa tena. Akasimama. Nilitegemea acheke. Hakucheka, na hilo ndilo lililonitisha.

"Ndugu yangu," akasema kwa upole, "huku chini hamna kitu."

"Hamna kitu vipi?"

"Propela hamna. Pana chuma tu kinazunguka."

Hamadi akaivuta boti kurudi pwani akiwa ameshika kamba, kama mtu anayerudisha mbuzi aliyepotea. Alipofika karibu akawauliza wale akina mama, "Jamani, kuna aliyeona propela ya huyu?"

Mama yangu akauliza, "Ndiyo nini hiyo propela?"

"Ile ya nyuma ya mashine, Bi Time. Mapanga matatu. Pangaboi la boti."

"Aa, pangaboi," mama akasema, na sauti yake ilikuwa tulivu kabisa, haina ubaya wowote. "Si lipo juu ya kabati langu la vyombo. Limenichafulia kitambaa. Nimemuuliza asubuhi, wenda Fundo bila ya pangaboi? Kaniambia baharini kuna upepo."

Nadhani kila mtu alikuwa anahakikisha kwamba amesikia sawa. Hata mimi nilijaribu kutafuta namna nyingine ya kuyaelewa maneno yangu, na nikaona haipo. Kwa mama, kila chenye mapanga kinachozunguka ni pangaboi. Kwangu mimi, tangu nisome, la darini ni pangaboi na la boti ni propela. Yeye aliuliza la kabatini, mimi nikajibu la nyuma ya mlango.

Kisha ikaanza. Aliyeanza ni shangazi yake Salma, akashika mbavu. Akafuata Makame. Hamadi alikaa chini majini, akazama mpaka shingoni, na bado nilikuwa naona mabega yake yanatikisika. Wapo waliolala mchangani. Mama akawa anawauliza wenzake, "Kwani nimesema nini?" na kila akiuliza wanazidi.

Mzee Faki hakucheka. Aligeuka polepole, na ile jaketi ikamzuia, kwa hiyo aligeuka mzima mzima kama mlango. Akanitazama.

"Mwanangu," akasema, "kama upepo upo, tanga liko wapi?"

Na aliyeulizwa ndiye mtu aliyesomea kujua kila kitu kiko wapi.

Nilidhani atashuka. Nilishaona safari imekufa, na posa nayo, na mimi narudi Tanga kuhesabu magunia ya watu. Lakini mzee akarudi kukaa, akachukua embe moja kapuni, akatoa kisu mfukoni. "Nimeshasoma dua," akasema. "Siwezi kusoma mara mbili kwa safari moja. Nendeni mkalete."

Mama akainuka, lakini Salma alikuwa ameshatangulia. Alirudi na sinia kichwani, limefunikwa kawa, kama mtu anayepelekea jirani futari. Akaingia majini mpaka magotini, akanipa sinia. Nikafunua kawa. Propela, kitambaa chake, nati yake, pini yake.

"Chakula cha mashine," akasema.

Na hakuondoka. Akakichukua kile kikaratasi nilichokiandika jana, akakisoma kwa sauti ya kuwafikia watu wa nyuma: "Propela. Ifungwe kabla ya safari."

Mwandiko wangu. Kwa herufi kubwa. Nimeupigia na mstari chini.

Niliifunga nikiwa majini, shati jeupe limeshakuwa la rangi ya oili, nati inaniponyoka mpaka Hamadi akanishikia. (Alitaka kunishikia na mashine, nikakataa. Bado nina utu.) Nikavuta kamba, ikawaka mara moja kama kwanza, lakini safari hii hakuna aliyeshangilia. Walikuwa wanangoja. Nikatia gia, na boti ikaruka mbele kwa nguvu, embe la mzee likamponyoka, na nyuma yangu nikasikia pwani nzima kwa sauti moja: "Upepo!"

Fundo tulifika. Mzee alimwona dada yake, maembe yakafika pungufu moja, tukarudi bila ya kuzima hata mara moja. Aliposhuka aliivua ile jaketi, akanikabidhi, akasema, "Mashine haina tatizo." Akaenda zake. Nimeitafakari sentensi hiyo mchana kutwa, na kila upande ninaoigeuza haunipendezi.

Kwa kuwa sikuweza kukaa nyumbani, nikaanza kurudisha vitu vya watu. Nilidhani nitamaliza haraka. Makame alipokea jaketi zake akauliza kama zimekauka kwa jua au kwa upepo. Bi Asha alinifanya nilisugue pipa lake kwa sabuni na mchanga mpaka oili yote ikatoka, na muda wote amesimama juu yangu anajipepea kwa kipepeo cha ukindu, polepole. Hamadi alizihesabu spana zake, akazikuta zimetimia, akanishukuru, kisha akafunga mlango ili acheke vizuri. Sina deni tena kwa mtu yeyote Gando. Kila aliyeniazima amepata chake, na kicheko juu.

Baada ya alasiri mama akarudi kutoka kwa kina Mzee Faki. Alikuwa ameitwa. Akakaa, akavua viatu, akaomba maji, akayanywa yote. Mimi nimesimama tu.

"Wamesemaje, mama?"

"Mzee kasema, mtu wa kwenda, akishachekwa vile, asingerudi tena pwani mbele ya watu. Angekwenda moja kwa moja. Kasema weye utakaa."

Nilitaka kukaa chini hapo hapo.

"Salma kaulizwa mahari yake," mama akaendelea. "Kasema msahafu, na pangaboi."

"Pangaboi lipi? La darini au la boti?"

"Ndivyo nilivyomuuliza na mie. Kasema, lolote, ila awe na hakika halitasahauliwa juu ya kabati."

Kisha mama akanyoosha kidole nyuma ya mlango, kwenye boksi lake. Safari hii sikusema kesho. Nimelitoa, nimepanda juu ya meza, nimeshalining'iniza kwenye ndoano, na sasa nimekumbuka kwamba linafungwa kwa spana, na spana nimesharudisha.

Kwa hiyo naandika haya nikiwa juu ya meza, mkono mmoja umeshika simu na mmoja umeshika pangaboi. Kama yupo karibu mwenye spana namba kumi na tatu, naomba aniazime. Sharti ni moja: akifika asiniulize habari za upepo.